Umechoka, lakini mbona usingizi hauji?

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kwa nini unafika Mbagala saa 3 usiku ukitokea Posta, hoi, lakini ukijilaza macho yako makavu hadi saa 7. Tena unataka kujua kama Piriton anayomeza mwenzako kazini itakufaa.

Tuanze na hiyo dawa: usiimeze. Piriton ni ya mzio, na kusinzia ni athari yake tu. Ukiizoea kwa siku chache haikulazi tena, ila asubuhi kichwa kizito kinabaki, nawe unapanda bodaboda.

Kuchoka ni kitu kimoja, kusinzia ni kingine. Ukiwaza kodi ya nyumba au ujumbe wa bosi, ubongo unauchukulia kama hatari. Tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini na kotisoli, homoni za kukabili hatari, moyo unakwenda mbio, sukari inapanda kwenye damu. Kotisoli inatakiwa iwe juu asubuhi, na usiku ishuke kabisa. Wewe unaipandisha upya kila unapofungua simu kitandani.

Madhara yake si uchovu peke yake. Mtu akilala vizuri, presha hushuka kwa asilimia 10 hadi 20. Akikosa usingizi, mishipa haipati nafuu hiyo. Insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, nayo inafanya kazi kwa shida, na njaa inazidi, ndiyo maana usiku unazikumbuka chipsi. Kapime presha, ikisoma 140/90 au zaidi kwa siku tofauti, nenda kituo cha afya.

Sasa fanya hivi. Amka saa 11 alfajiri kila siku, na Jumapili usizidishe zaidi ya saa moja. Muda wa kuamka ndio unaoipanga saa ya mwili, kuliko muda wa kulala. Ukilala saa 4 usiku, unapata usingizi wa masaa 7, kiwango cha chini kwa mtu mzima. Kahawa, chai ya rangi iliyokolea na vinywaji vya kuongeza nguvu, mwisho saa 8 mchana: kikombe cha saa 11 jioni, hadi saa 4 usiku karibu nusu ya kafeini yake, ile inayofukuza usingizi, bado imo mwilini.

Joto la Dar nalo lina sehemu yake, kwa sababu mwili hausinzii vizuri mpaka upoe kidogo ndani. Oga maji ya uvuguvugu saa moja kabla ya kulala: damu inakuja kwenye ngozi na joto linatoka. Maji ya baridi sana yanakushtua. Chandarua kinakata upepo, kwa hiyo sogeza feni karibu, ipulize kutoka ubavuni. Chandarua chenyewe usikitoe, tafadhali.

Baada ya kula, andika kwenye karatasi mambo ya kesho, kila moja na hatua yake ya kwanza. Karatasi iache mezani. Ukikaa kitandani kama dakika 20 bila usingizi, inuka, keti kwenye mkeka, taa hafifu, bila simu. Vuta pumzi kwa hesabu ya 4, itoe kwa 6, dakika 5. Rudi ukianza kusinzia. Usiku wa kwanza utainuka hata mara tatu; vumilia, kitanda kinajifunza upya kazi yake.

Ikiwa unakosa usingizi usiku 3 au zaidi kwa wiki kwa miezi 3, au ukiambiwa unakoroma huku pumzi ikikatika, muone daktari. Ukianza kuona maisha hayana maana, usisubiri hata siku moja. Nipigie saa yoyote.

Andika muda wa kulala na wa kuamka kwa wiki 2, kisha nitumie.

Mama yako