Kucha za Miguu Zimekuwa Njano na Nene? Maswali Yenu ya Wiki Hii

Tangu mvua ianze simu yangu imejaa picha za vidole vya miguu, zingine mnanitumia saa ya lunch jameni. Wacha nijibu chache.

Mama wa Ahero: Mimi hulima mpunga. Kucha za vidole vikubwa zimekuwa nene, njano, ukikata zinatoa unga. Nimepaka krimu ya fangasi, klotrimazoli, miezi 2 na wapi.

Pole mama. Krimu haina makosa, ni vile fangasi imejificha chini na kucha ni ngumu kama pembe, kwa hivyo unapaka tu paa. Hapo mara nyingi ni tembe, terbinafini ya 250 mg moja kila siku kwa wiki 12, lakini usiende kemisti useme tu nipatie, kwanza huo unga ukwanguliwe upelekwe maabara juu si kila kucha mbaya ni fangasi, zingine ni kugongwa ama kufinywa na kiatu, alafu upimwe damu waone ini liko sawa, na kama uko na mimba hizo tembe zingoje.

Sasa kitu inafanya watu waache dawa katikati: ukimaliza wiki 12 kucha bado itakaa vibaya. Kucha ya mguu inakua milimita moja hivi kwa mwezi, ya kidole kikubwa inaeza chukua mwaka hadi mwaka na nusu kubadilika yote. Mimi huambia watu wakwaruze kamstari kadogo na tupa pale safi inaanzia, kila mwezi uangalie. Kamstari kakisonga mbele na nyuma yake kucha ni safi, dawa inafanya. Uchafu ukikapita, rudi kwa daktari.

Boda wa Kondele: Nilipona, sa hii imerudi. Kwani hii kitu haiishi?

Bro, kucha ilipona, gambuti ilipona? Unavaa ile moja asubuhi hadi usiku, ndani ni jasho na maji, na nina uhakika katikati ya vidole ngozi inababuka na kuwasha. Fangasi huanza hapo alafu inaingia kucha. Ukioga panguza katikati ya vidole hadi pakauke kabisa, paka krimu ya fangasi hapo, soksi badilisha kila siku, na kama pesa iko nunua pea ya pili upumzishe moja. Usiku weka magazeti ndani yavute maji. Viatu vya mitumba navyo vianike jua kali kwanza, najua vya soko la Kibuye huwa vinavutia kuvaa papo hapo.

Dada wa Nakuru: Nimeambiwa niloweke na Jik. Na nikipaka rangi si itafunika?

Jik ni ya choo, itakuchoma ngozi na fangasi ibaki imekaa. Rangi inafunika macho ya watu tu, chini mambo yanaendelea. Na ukienda pedikyua beba nelkata yako, hiyo ya saluni imepita miguu mingi sana.

Kijana wa Kakamega: Baba ako na sukari, tumkatie kucha na wembe?

Hapana! Mpeleke kliniki ya sukari wiki hii. Mguu wa mtu wa sukari unaeza katwa asisikie, na kidonda kidogo kinageuka kitu ya kulazwa.

Mwalimu wa Bungoma: Kucha moja tu ya mguu iko na mstari mweusi, sikumbuki kugongwa.

Hii ndio imenishtua kuliko zote. Ingekuwa damu ya kugongwa ingesonga mbele kucha ikikua. Mstari ukikaa tu pale ama ukipanuka, onyesha daktari wa ngozi haraka. Bob Marley, 1977, kidole chake cha mguu kilidhaniwa ni jeraha la mpira, kumbe ni kansa ya ngozi chini ya kucha, akafa 1981 akiwa na miaka 36. Yako inaeza kuwa kitu ndogo tu mwalimu, lakini usingoje shule zifungwe.