Ruta kuzimika kila umeme ukikatika
Mkuu, kama unataka ruta na kile kiboksi cha faiba tu viendelee kuwaka umeme ukikatika, achana na UPS ya kompyuta (kile kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika). Ile inapandisha umeme wa betri hadi volti 230, halafu adapta inaushusha tena hadi 12. Mwingi unapotelea njiani. Chukua UPS ndogo ya DC, yaani inayopeleka umeme wa betri kwenye vifaa bila kuupandisha hadi 230. Soma kwanza maandishi ya adapta zako: volti za UPS zilingane na za adapta, ampea zisipungue zile za adapta. Na hiyo "10,000 mAh" (ujazo wa betri) ya kwenye boksi la UPS isikudanganye, kwa kawaida hupimwa kwa volti 3.7, yaani wati-saa (Wh) 37 tu. Vifaa vyote viwili vikila wati 15, tegemea kama saa mbili. Wengi huchomeka ruta peke yake kwenye UPS, kiboksi kinazima, kisha wanalaumu mtandao.