Maswali Yenu: Kozi ya uamuzi wa baiskeli kwa simu, inatosha kukupeleka barabarani?

Tangu mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yafanyike Kigali, Septemba 2025, ikiwa ndo mara ya kwanza Afrika kuyapokea, wasomaji wengi wanauliza kuhusu kazi ya uamuzi. Mi nafurahi sana, maana waendeshaji wazuri tunao tayari, pengo letu liko kwa waamuzi. Twende moja kwa moja.

*Shikamoo mwalimu. Mi kijana wa Shinyanga, huku kwetu mbio za baiskeli ni kitu kikubwa kila sikukuu, nilikuwa naendesha ila goti likanisumbua nikaacha. Nimeona kuna kozi za waamuzi za mtandaoni. Nikimaliza si ndo tayari naweza kusimamia mbio? Alafu nianzie wapi, maana kitabu cha sheria ni kirefu mno.*

Marahaba kijana wangu, na pole kwa goti. Jibu fupi ni hapana, hujawa tayari, ila kozi usiiache hata kidogo. Leseni ya uamuzi inatoka kwenye shirikisho la nchi yako, kwa Tanzania ni Chama cha Baiskeli Tanzania, CHABATA, Kenya ni Kenya Cycling Federation, Rwanda ni FERWACY. Unaanza na mbio za nyumbani, unapanda mpaka ngazi ya taifa, baada ya hapo ndo shirikisho likikupendekeza unaingia kwenye kozi na mitihani ya UCI yenyewe, shirikisho la baiskeli la dunia, wale wa Aigle kule Uswisi, mpaka ufike kuwa kamisaa, yaani mwamuzi wa mbio, wa kimataifa. Kozi ya mtandaoni inakufungulia mlango wa kwanza tu, kwa hiyo kabla hujajisajili popote piga simu chama cha mkoa uulize wanaitambua kozi ipi.

Kuhusu kitabu, usikisome kama gazeti toka ukurasa wa kwanza. Kanuni za UCI zinapatikana bure kwenye tovuti yao, kwa Kiingereza na Kifaransa, na zimegawanywa sehemu sehemu. Sehemu ya 1 ni mpangilio wa mchezo kwa ujumla, ya 2 ndo mbio za barabarani, ya 3 ni za uwanjani, ya 4 ni za milimani, wewe shika ya 1 na ya 2 kwanza hizo zingine ziache. Na ndani ya sehemu ya 2 tafuta kifungu 2.12.007, pale kuna jedwali la makosa ya mbioni na adhabu zake, faini kwa faranga za Uswisi, sekunde za kuongezewa, mpaka kutolewa kabisa. Ukilielewa lile jedwali utaona kozi nzima inaanza kukaa kichwani, maana kila mada watakayokufundisha mwisho wake inarudi pale.

Sasa nisikilize hapa maana ndo penye kazi. Watu wengi wanafanya kozi ya simu kwa kubofya, video inaisha, kwizi inaisha, cheti kinakuja, alafu ukimuuliza swali moja la barabarani anakodoa macho. Fanya hivi. Chukua mbio yoyote nzima kwenye YouTube, siyo ile ya dakika tano, ile ndefu, kaa na daftari ujifanye kamisaa. Kila unapoona kitu andika kilomita iliyobaki, namba ya mwendeshaji, alichofanya na unadhani ni kifungu gani. Huyu anapewa chupa ya maji kutoka gari la timu, anaishikilia muda mrefu ili gari limvute, huyu katupa karatasi nje ya eneo la kutupia taka, huyu kakaa juu ya bomba la fremu akishuka mlima, mkao ambao UCI waliupiga marufuku tangu Aprili 2021. Mbio ikiisha tafuta taarifa rasmi ya makamisaa ya siku ile, mbio kubwa huwa wanaitoa, linganisha na daftari lako. Utashangaa mangapi yamekupita, na wiki inayofuata yatakupita machache.

Zoezi lingine halihitaji hata bando. Kupima tofauti ya muda kati ya waliochomoka na kundi kubwa, makamisaa wa pikipiki wanachagua alama barabarani, nguzo, kibao, mti wowote, wa kwanza akiipita unawasha saa, wa kwanza wa kundi la nyuma akiipita unazima. Basi. Simama barabara ya waendesha baiskeli wa kwenu asubuhi na simu mkononi ufanye hivyo mpaka mkono uzoee, maana siku ya mbio utakuwa umepakiwa nyuma ya pikipiki, upepo unakupiga, redio inaita, na mkurugenzi wa mbio anataka namba sasa hivi. Hiyo namba inaamua magari ya timu yaruhusiwe kupita kwenda mbele au yazuiwe, na gari likikwama katikati ya vikundi viwili kwenye mteremko watu wanaweza kufa. Ndo maana nasema kozi peke yake haitoshi, mtafute mwamuzi mzoefu umwombe akubebe, hata kama siku za mwanzo kazi yako ni kupanga koni na kugawa namba za mgongoni.

*Habari yako mwalimu. Niko Eldoret, mimi ni mama wa watoto wawili na sijawahi kushindana na baiskeli hata siku moja, hiyo kozi ya onlaini inaweza nikubali ama ni ya wale walikuwa wakishindana? Na nikiwa mwanamke, nitapewa kazi ama nitawekwa kwa meza ya chai?*

Nzuri sana mama. Hakuna kanuni inayotaka uwe ulishindana, kinachotakiwa ni macho, utulivu na mkono unaoandika vizuri. Na nikushauri mapema, lenga kazi ya jaji wa mstari wa kumalizia, maana huko ndiko mbio zetu nyingi zinakoharibikia, watu wanamaliza kundi zima kwa pamoja alafu unasikia ugomvi hadi usiku nani wa nne nani wa sita. Kwenye mbio kubwa kuna chipu kwenye baiskeli na kamera ya kumalizia inayopiga picha mstari tu. Kwetu mara nyingi hamna, kwa hiyo mnafanya kazi wawili, mmoja anasoma namba kwa sauti simu ikirekodi, mwingine anaandika, na simu ya tatu imefungwa kwenye stendi imeukabili mstari sawasawa, isiwe imekaa kwa pembeni, maana ikikaa kwa pembeni picha inadanganya. Ukifuata mada ya jaji wa mstari kwenye kozi utaelewa pia kwa nini mwendeshaji anavaa namba mbili mgongoni, moja kila upande, kwenye mbio za kawaida.

Kuhusu meza ya chai, nakuambia kwa moyo wote ukatae. Makamisaa wanawake wapo mpaka mbio za juu kabisa duniani, na Kigali wanawake wa elite walikuwa na ubingwa wao kamili, Magdeleine Vallieres wa Kanada akavaa jezi ya upinde wa mvua, ile ya bingwa wa dunia. Chama kikikuita kwa mbio, uliza kabla nimepangwa nafasi gani, na jina lako liandikwe kwenye orodha ya waamuzi. Bando pia usiogope, pakua PDF ya sheria mara moja usome bila intaneti, video zihifadhi ukipata Wi-Fi.

*Mwalimu, kuna mtu WhatsApp anatuambia tulipe pesa atupe cheti cha kamisaa wa kimataifa, kozi ni siku mbili kwa Zoom. Tulipe? Msomaji, Dar.*

Msilipe. Hakuna anayekuwa kamisaa wa kimataifa kwa siku mbili za Zoom, na hakuna anayefika huko bila shirikisho la nchi yake kujua. Mwambieni awape barua ya chama, akianza kuzunguka mfungieni namba, na waambieni na wenzenu.

*Mkuu tumebishana sana hapa Mwanza. Mtu akianguka mita mia tano kabla ya kumaliza, anapewa muda wa kundi au hapewi? Kuna jamaa kamaliza kozi anasema anapewa siku zote.*

Jamaa yenu kakumbuka nusu. Sheria ya kilomita 3 za mwisho ni ya mbio za siku nyingi, zile za hatua. Ukianguka, ukipata pancha au baiskeli ikiharibika ndani ya hizo kilomita 3, unapewa muda wa wale uliokuwa nao wakati ule, ila nafasi yako ni ile utakayovukia mstari. Ukishindwa kabisa kuvuka unawekwa wa mwisho wa siku hiyo lakini muda unapewa. Haifanyi kazi kwenye mbio za mmoja mmoja dhidi ya saa, wala siku inayomalizikia kileleni. Na kwenye mbio ya siku moja kama hizo zenu za sikukuu muda haubebwi kwenda kesho, ukianguka ndo imetoka hiyo. Alafu neno "uliokuwa nao" lishikeni sana, kama alikuwa ameshaachwa kabla ya kuanguka hapewi muda wa kundi la mbele, kwa hiyo lazima mwamuzi awe ameona. Wekeni mtu mwenye simu pale zinapobaki kilomita 3.

*Hizi kadi za njano za baiskeli, refa anaitoa mfukoni kama mpira? Naona kozi mpya inazitaja. Msomaji, Kahama.*

Hapana, haonyeshwi mtu kadi, inaandikwa kwenye taarifa ya makamisaa baada ya mbio. Zilijaribiwa 2024 zikaanza rasmi 2025 kwenye mbio kubwa za UCI, na siyo waendeshaji peke yao, hata madereva wa magari ya timu na pikipiki za waandishi wanaweza kupewa, jambo ambalo mi nalipenda sana maana hatari nyingi zinatoka kwao. Mbili kwenye mbio moja unatolewa na kufungiwa siku 7, tatu ndani ya siku 30 unafungiwa siku 14, sita ndani ya mwaka siku 30. Kwa mbio za mkoani hamzihitaji bado. Nyie anzeni na kikao cha madereva wote kabla ya mbio, dakika ishirini tu, mwambieni kila mmoja anakaa wapi kwenye msafara na nani anamruhusu kupita, na asiyehudhuria gari lake lisiingie barabarani.