Ukibeba picha ya mtu, beba na jina lake

Minada ya korosho ikianza mwezi wa kumi, simu za Mtwara hazipumziki. Mnada ukimalizika Newala, muda si mrefu picha ya bei imeshafika Dar es Salaam na kurudi Masasi. Tatizo ni kwamba huko njiani kila mtu ameikata kidogo. Huyu kaondoa jina la chama kikuu cha ushirika kwa sababu lilichukua nafasi, yule kaondoa tarehe ili namba zionekane kubwa. Mkulima wa Masasi, ambaye korosho yake inauzwa kupitia MAMCU, chama kikuu cha Masasi na Mtwara, anabaki kupiga hesabu kwa bei ya TANECU, chama cha Tandahimba na Newala, tena pengine ya mnada uliopita.

Ndiyo maana siwaelewi wanaosema kutaja chanzo ni mambo ya wasomi. Bei isiyo na tarehe wala jina la chama ni namba tu. Ukitaka kuwasaidia wenzio kwenye kundi, tuma picha nzima kama ilivyotolewa, na juu yake andika mstari mmoja: mnada wa wapi, wa lini, umeipata kwa nani. Ikikufikia WhatsApp ikiwa na ile mishale miwili, ujue imeshapita mikono mitano au zaidi. Hapo tafuta ukurasa wa chama chenyewe kwanza.

Kwa upande wa picha, mimi napiga sana Mikindani na ufukwe wa Shangani, huku Mtwara, kwa hiyo naongea kama mtu anayeibiwa. Wengi hawana nia mbaya. Wanaandika "Picha: Mtandao" na kujiona wamemaliza, wakati mtandao haujawahi kushika kamera. Wengine huandika "haki zote kwa mwenyewe". Mwenyewe yupi? Kama humjui, tafuta kwa picha kwenye Google uone ilianzia wapi, na usipompata, tumia picha nyingine. Sioni ugumu wake.

Jina likae mwanzoni mwa maelezo, pale jicho linapofika bila kubonyeza "zaidi". Ukilificha chini ya alama za reli ishirini, hujamtaja mtu. Na kumtagi juu ya picha peke yake hakutoshi, maana picha ikihamishiwa WhatsApp tagi inabaki kulekule Instagram.

Ila kutaja jina si kuomba ruhusa. Haya ni mambo mawili. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi tangu inapotengenezwa, hata kama mwenyewe hajaisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania. Kubonyeza kitufe cha kushea kwenye ukurasa wake ni sawa, kwa kuwa jina linakwenda na kazi. Kuipakua na kuipandisha upya kwako, hasa kwa biashara, kunahitaji neno lake. Ujumbe wenyewe ni mfupi:

"Habari dada, nimeipenda picha yako ya wanawake wa pweza pale Mikindani. Naomba kuiweka kwenye ukurasa wangu wa wageni wanaokuja kusini. Jina lako nitaliandika juu na sitaikata. Kama hupendi, niambie tu."

Mimi ujumbe wa namna hii sijawahi kuukatalia. Ukurasa mmoja wa utalii, ambao haukuuliza, ulikata kona yenye jina langu na kubandika nembo yao palepale. Niliwaandikia faraghani, nikaambatanisha picha halisi, wakarekebisha. Kama ningeanza kwa kuwaanika hadharani, nadhani tungekuwa tunabishana mpaka leo.

Picha za Wikimedia Commons, ghala la picha mtandaoni, kwa mfano zile za magofu ya Kilwa Kisiwani, nyingi zina leseni ya Creative Commons, yaani mwenyewe ameshatoa ruhusa. Ziko bure, lakini kwa masharti: taja mpiga picha, taja leseni na uweke linki yake, na kama umebadilisha kitu, sema.

Halafu kuna hili linalosahaulika sana kwetu huku. Picha ya kinyago cha Kimakonde ina watu wawili, aliyepiga na aliyechonga. Fundi amekaa siku nyingi na mpingo, wewe umebonyeza simu mara moja, kisha jina linaloonekana ni lako peke yako! Muulize jina lake na mahali anapofanyia kazi, uandike. Mnunuzi akiipenda kazi, atajua pa kwenda.

Na kuna vitu havishewi hata ukitaja majina ya wote. Msimu wa unyago kuna watu hurekodi ndani, nyimbo na mafundisho ambayo ni ya wali (wasichana wanaochezwa), makungwi wanaowafunda na familia zao, tena wali wenyewe ni watoto. Hapo hakuna wa kumwomba ruhusa. Ikiniingia kwenye simu naifuta, namwandikia aliyetuma pembeni aiondoe, kisha namjulisha admini. Admini akinyamaza, natoka kwenye kundi.