Re: Naibu mpya, walimu wanangoja niwaambie kila kitu

Dada, wewe naibu mpya wa mwalimu mkuu, kama walimu wanakuletea kila shida uitatue na wataka wajifikirie wenyewe, anzia kwa ule ukaguzi wa somo wa TPAD (ile tathmini ya utendaji wa walimu Kenya), maana huo lazima uufanye tu. Wengi wetu huku Malindi twaingia darasani, twajaza fomu, twaandika "boresha usimamizi wa muda" basi, sasa mwalimu afanye nini na hiyo? Kabla hujaingia muulize ataka umuangalilie nini, akisema watoto wa nyuma hawashiriki, kaa huko nyuma uandike nani kaulizwa swali na nani hajaulizwa, maoni yako yaache kwanza. Baadae kaeni chini ya mwarobaini, sio ofisini (ofisini mtu ahisi kaitwa kesi), mpe karatasi aisome mwenyewe, muulize "wewe waonaje?" halafu nyamaza. Hapo kwa kunyamaza ndo pagumu, sisi walimu mdomo watuwasha!

Ukitaka mpangilio wa maswali ya mazungumzo hayo upo ule wa GROW aliousambaza John Whitmore wa Uingereza: lengo, hali ilivyo, njia zilizopo, utafanya nini na lini. Ila anayechapa watoto huyo si wa maswali, viboko marufuku kisheria, mwambie wazi siku hiyohiyo.