Hekaluni Toshogu: wapi makofi, wapi kimya

Swali la wiki: “Ukizuru hekalu la Kishinto lenye alama za Kibudha, ufuate adabu za dini ipi?”

Fuata adabu za jengo lililo mbele yako. Mfano mzuri ni Toshogu, mjini Nikko, Japani.

Mtawala Tokugawa Ieyasu alifariki mwaka 1616. Mtawa Tenkai alishikilia kwamba atukuzwe kama gongen, yaani Budha aliyejitokeza kwa sura ya mungu wa Kijapani. Budha huyo aliyekusudiwa ni Yakushi, mponyaji. Ndiyo maana hekalu hilo la Kishinto, lililoanzishwa mwaka 1617, lina ukumbi wa Yakushi pamoja na pagoda, yaani mnara wa Kibudha, ya ghorofa tano. Mwaka 1868 serikali iliamuru dini hizo zitenganishwe, lakini majengo hayo yakabaki palepale.

Kwenye birika la kutawadhia, teka kata moja tu uigawe: mkono wa kushoto, wa kulia, kisha mimina kidogo kiganjani mwa kushoto usukutue. Osha tena mkono wa kushoto, halafu inua kata wima ili maji yaliyobaki yasafishe mpini. Mdomo usiguse kata, wala maji yasirudi birikani.

Ukumbi mkuu unavuliwa viatu, kwa hiyo vaa visivyo na kamba. Hapo inama mara mbili, piga makofi mawili, inama mara moja.

Kosa kubwa hutokea ukumbini mwa Yakushi, wageni wanapopiga makofi yaleyale. Kwa Budha unaunganisha viganja, kimya. Kimya hicho kina faida nyingine: darini kuna joka lililochorwa, na mtawa hugonga vipande viwili vya mbao. Akigonga pembeni, mlio unakufa papo hapo. Akigonga chini ya kichwa cha joka, mwangwi unatetema kama kengele ndogo. Kofi moja tu linawaharibia wote.

Kama dini yako hairuhusu kusali hapo, simama pembeni kwa utulivu, hakuna atakayeudhika.

Milango hufunguliwa saa 3 asubuhi. Hufungwa saa 11 jioni Aprili hadi Oktoba, saa 10 miezi mingine, na kuingia hukoma nusu saa kabla. Anza na kaburi la Ieyasu, kwenye ngazi 207 za mawe, kabla watu hawajajaa. Kabla ya kupanda, inua macho juu ya lango: paka aliyelala, wa kuchongwa, maarufu kote Japani, ni mdogo mno na wengi humpita.