Mapambo ya mti wa Krismasi: anza na unga na chumvi ya jikoni kwako

Shule zikifungwa Desemba, watoto hushinda nyumbani na Krismasi bado iko mbali. Huo ndio muda mzuri wa kukaa nao mkekani mkatengeneza mapambo ya mti. Mimi hufanya hivyo na wanangu hapa Dar es Salaam, na likizo nyingine tunafanyia kwa bibi yao, Moshi. Ushauri wangu wa kwanza, mzazi mwenzangu: usianzie dukani. Angalia kwanza jikoni kuna nini, uani kuna nini, na fundi cherehani wa mtaani kwenu amebakiza vitambaa gani.

Wapo wanaoona mapambo ya mkono ni ya mtu aliyekosa hela. Sikubaliani nao hata kidogo. Huko Ujerumani, desturi hii ilikotoka, watu walitundika matofaa, njugu na biskuti mtini kabla zile tufe za kioo hazijawa bidhaa ya kiwandani. Kila nyumba ilitumia kilichokuwepo. Nasi tuna vya kwetu, tena vingi.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni ya unga na chumvi, kwa sababu hata mtoto wa miaka minne anaiweza. Chukua vikombe 2 vya unga wa ngano na kikombe 1 cha chumvi laini, changanya vikavu kwanza. Kisha ongeza maji kidogo kidogo. Kikombe 1 kwa kawaida kinatosha, na mara nyingine hakiishi chote. Kanda mpaka donge liache kushika mikono. Waachie watoto wakande wenyewe, maana kwao hapo ndipo utamu ulipo. Sukuma kwenye kibao cha chapati, unene wa nusu sentimita hivi. Ukisukuma nyembamba zaidi pambo hujikunja likikauka, ukifanya nene sana linakauka nje na kubaki bichi ndani. Duara kata kwa mdomo wa glasi. Nyota chora kwenye kipande cha boksi, kikate, kiweke juu ya donge, mtoto afuatishe kwa kisu cha mezani kisicho na makali. Wakati wa kukata nyota ndipo ninapowasimulia habari ya mamajusi na ile nyota waliyoifuata hadi Bethlehemu, na huwa wananisikiliza vizuri kuliko siku nyingine yoyote kwa sababu mikono ina shughuli.

Toboa tundu la uzi kwa mrija wa soda kabla donge halijakauka, mbali kidogo na ukingo, la sivyo litameguka siku ya kutundika. Nyuma andika jina la mtoto na mwaka kwa ncha ya kijiti. Usiruke hatua hiyo. Kwa mtoto mdogo kabisa, bonyeza kiganja chake kwenye duara kubwa: hilo ni pambo tosha.

Sasa kukausha. Mwenye oveni aweke nyuzi 100 hadi 120, saa mbili au tatu, akigeuza katikati. Mwenye jua aanike kwenye sinia siku mbili tatu, akigeuza upande asubuhi na jioni, na aingize ndani mapema, kwani mvua za vuli bado zinanyesha Desemba. Tatizo la sisi watu wa Pwani ni unyevu. Chumvi hunyonya unyevu wa hewani, na pambo lililokuwa gumu linaweza kulainika likiwa bado mtini. Kwa hiyo likishakauka kabisa na kupakwa rangi, lipake vanishi pande zote mbili, pembeni, na hata ndani ya lile tundu. Vanishi apake mtu mzima, nje penye hewa. Ukiwa Moshi, Njombe au Lushoto tatizo hili ni dogo, lakini vanishi bado inasaidia.

Jambo moja la usalama: donge hili halinuki vibaya, na mtoto anaweza kudhani ni la kuliwa. Chumvi nyingi kiasi hicho ni hatari kwa mtoto mdogo, na kwa mbwa pia. Kaa nao mpaka mwisho, na mabaki uyatupe mwenyewe.

Mti nao una masharti yake. Wengi wetu Dar tunatumia tawi la mvinje, na vijiti vya mvinje ni laini, vinalala chini ukivitundikia kitu kizito. Mapambo ya unga yaweke ndani karibu na shina, na nchani weka ya karatasi na vitambaa. Saipresi ya kule juu Kilimanjaro inabeba zaidi.

Kuhusu vitambaa, Desemba ni mwezi wa neema. Mafundi wanashona nguo za sikukuu, na sakafu zao zimejaa vipande vya vitenge. Waombe kwa adabu, watakupa mfuko mzima. Kata mioyo, kengele na samaki wa boksi, funika kwa kitenge pande zote mbili, bandika kwa gundi ya unga: unga wa ngano na maji, koroga motoni mpaka uive uwe mzito. Watoto wa miaka saba na kuendelea wanaweza kuzungushia mshono kwa uzi wa rangi. Vizibo vya soda pia ni vizuri, ila mtu mzima avigonge kwa nyundo viwe bapa na kuvitoboa kwa msumari, kingo zake zinakata.

Kwenye mbegu nakuomba uwe makini sana. Mbegu za maboga na maharage ya rangi rangi hazina shida kwa watoto wakubwa. Chini ya miaka mitatu kitu chochote kidogo kinaweza kumkaba. Lakini tipitipi, zile nyekundu zenye jicho jeusi, zina sumu kali, na mbegu za mbarika vilevile. Ni nzuri machoni, na ndiyo maana watoto huziokota. Zisiingie kabisa kwenye kazi hii, hasa kwa vile kuzitungia uzi kunataka zitobolewe.

Moshi tunaongeza maganda makavu ya mgomba, yanayosukwa yakawa vipete vya kutundika, na bibi yao huweka jani la isale. Kwa Wachagga isale ni jani la kuombana msamaha na kupatana, na ukoo unapokusanyika mwisho wa mwaka sioni jani linalostahili zaidi kuwa pale.

Mtoto akiipaka nyota rangi ya zambarau na kuitia macho mawili, iache ilivyo, uitundike mbele watu waione. Usiirekebishe usiku akiwa amelala. Mtoto anaijua kazi yake, na mtu mwingine akiigusa atagundua. Mti wenye nyota zilizopinda zilizofanywa na wenye nyumba naupenda kuliko ule wa hotelini uliopangwa kwa rula.

Mkishayashusha Januari, funga kila pambo la unga kwa gazeti, panga kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, na weka humo vile vipakiti vya kuzuia unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Kopo liwe juu ya kabati, mbali na watoto na panya. Ya vitambaa yaanike juani nusu siku kwanza, ndipo uyafungashe.